Sura ya Tisa: Jembe la Ukweni

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mikorosho, na Saburi alikuwa hajafika hata katikati ya ngwe aliyopimiwa. Mwamina alikaa ukingoni mwa shamba, dumu la maji mbele yake, akimtazama anavyoinua jembe na kulishusha. Hakulitazama jembe. Alitazama shingo.

Miaka mitatu ilikuwa imemfundisha kuitazama shingo ya mwanamume yule. Upande wa kushoto, chini ya taya, palikuwa na mshipa. Moyo ukitulia, mshipa ule hauonekani. Moyo ukianza mbio zake, unarukaruka pale kama panzi aliyefungwa ndani ya kitambaa, mara tatu upesi, kisha kimya, kisha mara mbili, bila hesabu wala mpangilio. Watu wengine walimtazama mchumba macho au tabasamu. Yeye alijifunza kutazama mshipa.

"Pumzika," alimwambia.

"Nikimaliza mstari huu."

"Mstari uliopita ulisema hivyohivyo."

"Mstari uliopita ulikuwa mwongo. Huu ni mkweli."

Mwamina hakucheka. Hakuwa amelala vizuri. Kwa kweli hakukumbuka mara ya mwisho alipolala usingizi ule wa mtu asiye na jambo.

Shamba lilikuwa la mama yake, Bi Hadija, pale Likunja. Kwao binti haondoki kwenda kwa mume. Mume ndiye anayekuja kujenga kwenye kiwanja cha wakwe. Na kabla hajaitwa mume, wazee walimpa jembe na kumpimia ngwe katika shamba la mama mkwe, wamwone mikono. Vijana wengi siku hizi walikuwa wanaikwepa desturi hiyo. Walileta vibarua, wakapiga picha na jembe, basi. Lakini Mjomba Isihaka, kaka wa Bi Hadija, ambaye ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, alikuwa ameifufua mahususi kwa ajili ya Saburi.

"Mimi sisomi karatasi za India," alikuwa amesema Mjomba wiki iliyopita, mbele ya watu wote. "Mtu aliyepona nitamwona kwenye jembe. Akimaliza ngwe yake siku moja, Ijumaa tunafunga ndoa, na mimi nitachinja. Asipomaliza, mahari yake irudi Nachingwea, na mtoto wangu ashike maisha mengine. Ana miaka thelathini na moja. Amemngoja vya kutosha mtu ambaye hatujui kama ataamka kesho."

Hakuna aliyeweza kumwita Mjomba mbaya kwa maneno yale. Hilo ndilo lililomchosha Mwamina kuliko yote. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Saburi alikuwa fundi wa mashine za kupulizia salfa mikorosho, ana kibanda chake karibu na soko la Nachingwea. Walikutana pale, Mwamina alipopeleka mashine ya Mjomba iliyogoma kuwaka. Uchumba ulikuwa haujamaliza mwaka Saburi alipoanguka kibandani, spana mkononi. Hospitalini wakasema moyo wake umepoteza mpangilio, vyumba vyake vya juu vinatetemeka badala ya kudunda. Wakampa vidonge, vidonge vikasaidia, kisha vikaacha kusaidia. Akaenda Dar es Salaam. Akarudi. Akaenda tena. Mwisho madaktari wakampeleka India, akachomwe ndani ya moyo.

Katika miaka yote hiyo, mchumba wake alipokuja Likunja kutembea, jambo moja tu walilopata kulifanya mbele ya watu lilikuwa kushikana kifundo cha mkono. Mwamina alikuwa anampima mapigo. Alibonyeza vidole viwili juu ya mshipa, akatazama pembeni kama mtu anayehesabu, na wazee hawakuweza kusema neno kwa sababu ule ulikuwa uganga. Siku nyingine alikuwa hahesabu kitu. Saburi alijua, naye alikaa kimya, mkono wake ukiwa umetulia mkononi mwa Mwamina kama kitu kilichofika kwake.

"Eee, Mwamina!" Sauti ilitoka njiani. Alikuwa Teodosia, Mmakonde, jirani na mtani wao, kichwani ana mzigo wa kuni na mdomoni ana mzigo mkubwa zaidi. "Huyo ndiye wenu aliyechomwa moyo kama muhogo?"

"Ndiye, mtani."

"Ameiva?"

"Muulize mwenyewe," alisema Saburi, bila kuinua kichwa.

"Sikuulizi wewe, nyie mnaochomwa huwa hamjui kama mmeiva. Anayekula ndiye anayejua!" Teodosia alicheka hadi kuni zikayumba. "Lima, baba, lima. Ukishindwa nitakuja kuoa mimi badala yako, mimi ngwe hii ni ya kabla ya chai."

Saburi alicheka pia. Akainua jembe, akalishusha, na safari hii hakuliinua tena. Alisimama akiuegemea mpini, akitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano. Teodosia alikuwa ameshapita, bado anacheka peke yake huko mbele.

Mwamina aliona mshipa.

Hakupiga kelele. Alichukua dumu, akatembea taratibu juu ya udongo uliopinduliwa, kama mtu anayempelekea mkulima maji. Alipofika alimshika kifundo. Panzi alikuwa ndani ya kitambaa.

"Tangu lini?"

"Sasa hivi. Nilipocheka." Saburi alijaribu kutabasamu. "Teodosia ameniua."

"Usiseme hivyo. Njoo kivulini."

"Nikikaa, Mjomba wako ataona nimekaa."

"Saburi, njoo ukae."

Walikaa chini ya mkorosho wa mwisho. Alikunywa maji kidogo kidogo. Jasho lake lilikuwa baridi. Mwamina alishika mkono wake na safari hii alihesabu kweli, akapotea, akaanza upya, akapotea tena. Moyo wa aina ile hauhesabiki. Ulikuwa haujaruka tangu arudi kutoka India, na hii ilikuwa wiki ya sita. Kila usiku wa wiki hizo alikuwa akijiambia: basi, imekwisha, tumevuka. Sasa alihisi kama mtu aliyepanda kilima kwa magoti, akafika juu, akaambiwa kilima ni kile kingine.

"Ugonjwa umerudi," alisema.

"Umerudi."

"Unaumwa kifua? Kizunguzungu?"

"Hapana. Unakimbia tu." Kisha akasema, sauti yake ikiwa chini kabisa, "Mwamina, nisikilize. Imebaki nusu. Nikipumzika kidogo nitaweza. Usimwambie mtu. Nitamaliza ngwe, Mjomba wako atachinja Ijumaa, na haya mengine…"

"Na haya mengine ukianguka?"

"Nitaanguka nikiwa mumeo."

"Unadhani hayo ni maneno matamu?"

Saburi aliinamisha kichwa. Alikuwa mwembamba kuliko zamani, na nywele za pembeni zilikuwa zimeanza mvi huko India, kana kwamba alikaa miaka. Mwamina alitamani kuweka kiganja pale kwenye mvi. Aliuacha mkono wake palepale kwenye kifundo, ambapo uliruhusiwa.

"Basi kuna njia ya pili," alisema Saburi. "Nayo nimeifikiria tangu zamani, sikuanza leo. Mahari irudi. Mjomba wako hakosei. Wewe ukitembea sokoni Ruangwa bado watu wanageuka. Yuko mtu mzima, mwenye moyo unaodunda kama saa, atakuja, atalima ngwe hii mpaka Teodosia aone aibu."

"Umemaliza?"

"Nakupenda. Ndiyo maana nasema."

"Nimekuuliza, umemaliza?"

Alitaka kuendelea, lakini Bi Hadija alikuwa anakuja na chakula.

Mama mkwe na mchumba wa mwanawe hawatazamani. Ndivyo walivyolelewa. Bi Hadija alitua kikapu mbali kidogo, akatandika mkeka, akakaa akiwapa mgongo, uso ukielekea kwenye mbaazi za jirani. Saburi naye akageukia upande wake. Kati ya migongo hiyo miwili hapakufika hatua kumi.

"Mwamina," alisema mama yake akiziambia mbaazi, "muulize mgeni wako kama atakula ugali wa moto au upoe kwanza."

"Mama anauliza kama utakula sasa."

"Mwambie nashukuru. Nitakula."

"Anashukuru, mama."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Muulize kwa nini anahema."

Mama yake alikuwa hajageuka hata kidogo. Alikuwa amesikia pumzi tu, kama anavyosikia mvua kabla haijafika.

Saburi akafungua mdomo amjibu Mwamina, na kabla hajatamka, majani makavu yakavunjika nyuma yao. Mjomba Isihaka alitokea kati ya mikorosho, panga kwapani, kofia imerudishwa kisogoni. Alitazama ngwe. Alitazama jembe lililosimama peke yake katikati ya shamba. Hakuhitaji kutazama kingine.

"Nani kapumzika, jembe au mkulima?"

Ilikuwa zamu ya Mwamina kusema. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: jua kali, Mjomba, nimemwita mimi ale kwanza. Ulikuwa uongo mdogo, wa kawaida, na ungetosha. Alimtazama Saburi. Saburi alimtazama yeye, na katika macho yake Mwamina aliona kuwa naye amechoka. Amechoka kwa namna ambayo usingizi hauitibu.

"Mjomba," alisema Saburi, "moyo wangu umeanza tena mbio. Sijamaliza. Na leo sitamaliza."

Bi Hadija aliacha kupakua.

Mjomba alikaa juu ya kisiki. Hakufurahi. Mwamina alimtazama vizuri amwone akifurahi, amchukie, na hakuona kitu.

"Basi wamekuchoma bure."

"Hapana, Mjomba."

"Wamekupeleka ng'ambo ya bahari, wamekutia moto ndani ya moyo, umerudi, na moyo uko vilevile. Sasa neno lake ni lipi, kama si bure?"

Saburi alipumua. Alisema polepole, akisimama pale pumzi iliposimama.

"Mjomba, wewe kila mwaka kabla moto wa porini haujaja, unafanya nini kwenye mikorosho yako?"

"Nachoma ukanda kuzunguka shamba. Kila mtu anachoma."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza kama mtoto wa shule? Ili moto wa watu ukifika pale ukute pameshaungua, ukose pa kuvukia."

"Ndivyo walivyonifanya. Kuna mishipa inaleta damu kutoka mapafuni kwenda kwenye moyo. Daktari alisema cheche zinatoka huko, zinaingia kwenye chumba cha juu cha moyo, ndiyo chumba kinatetemeka. Wakapitisha nyaya nyembamba kwenye mshipa wa kinenani, zikapanda mpaka ndani. Hawakunipasua kifua. Wakachoma ukanda kuzunguka midomo ya mishipa ile. Cheche zikija, zikose pa kuvukia."

"Ulisikia maumivu?" Mjomba aliuliza hivyo kama mtu aliyeponyokwa na neno.

"Walinilaza usingizi. Nilipoamka nilitakiwa nilale chali, mguu umenyooka, nisiukunje mpaka damu ishike. Kinena kiligeuka cheusi kama biringanya. Siku kadhaa nikivuta pumzi ndefu kifua kilichoma. Basi."

"Na sasa?"

"Sasa ukanda umechomwa, lakini ndani bado ni kidonda. Wewe ukimaliza kuchoma ukanda, huondoki siku hiyohiyo ukaenda kulala. Visiki vinafuka moshi. Daktari alisema miezi mitatu ya kwanza moyo unaweza kurukaruka, na haina maana kazi imeharibika. Ni kidonda kinachokauka. Baada ya miezi mitatu ndipo wanapopima, ndipo wanapojua. Wengine wanakuwa wamepona. Wengine inabidi wachomwe mara ya pili. Jumatatu nitapanda gari niende hospitali, wanipime, wanipe cha kunituliza."

Mjomba alichora chini kwa ncha ya panga, muda mrefu.

"Mbona hukusema haya wiki iliyopita, nikapima ngwe nzima?"

"Ungesema natafuta sababu."

"Ningesema hivyo," alikubali Mjomba. Alisugua uso. "Haya. Mimi si mnyama. Jembe nimekosea, sitakupimia ngwe mtu mwenye kidonda. Lakini na ndoa nayo isubiri. Miezi mitatu si mingi. Wakikupima wakasema umepona, njoo, nitachinja ng'ombe, si mbuzi. Wakisema bado, turudishiane vitu kwa heshima, pasiwe na ugomvi. Kuna anayeona nimedhulumu?"

Hapakuwa na dhuluma. Hata Bi Hadija aliitikia kwa kichwa, akiwa bado amegeukia mbaazi. Saburi aliweka mkono kifuani kwa heshima. "Ni haki, Mjomba. Nashukuru."

Wote wakamgeukia Mwamina, wakisubiri naye ashukuru.

Mwamina alikuwa anamtazama Saburi. "Umejua lini hilo la miezi mitatu?"

"Lipi?"

"Hilo. La moyo kurukaruka. La kuchomwa mara ya pili."

"Daktari aliniambia kulekule India, kabla sijatoka."

"Rabia anajua?"

Rabia alikuwa dada yake Saburi, wa Nachingwea. Saburi alichelewa kujibu.

"Anajua," alisema. "Alinipokea Dar. Madaktari walimweleza yeye kama ndugu."

"Wiki sita," alisema Mwamina. "Wiki sita kila ukikohoa nasema, Mungu wangu, umerudi. Na dada yako yuko Nachingwea analala, kwa sababu anajua."

"Sikutaka kukuongezea…"

"Nyamaza kwanza, tafadhali." Hakupaza sauti. Hakuwa na nguvu ya kupaza. "Mjomba, naomba kusema."

"Sema, mama."

"Sitaki kungoja miezi mitatu."

"Mwamina!" alisema mama yake.

"Sitaki. Nataka Ijumaa. Hii hii."

Mjomba alishangaa, akakaribia kucheka. "Mtoto, umesikia alichosema? Amesema mwenyewe hajui kama amepona. Ukishafunga ndoa Ijumaa, akafa mwezi ujao?"

"Nitakaa eda."

Neno lile lilitua chini ya mkorosho kama jiwe.

"Nitakaa eda, Mjomba. Nitavaa nguo za eda, nitafungiwa ndani, mama ataniletea uji, watu watakuja kwangu kunipa pole. Sasa mtu huyu akifa leo kabla sijafunga naye ndoa, mimi ni nani msibani? Niambie. Nitakuwa nyuma ya nyumba ya Rabia naosha masufuria. Mtu atapita, atauliza, yule dada analia vile ni nani? Watasema, aa, huyo ni wa Likunja, walikuwa wanataka kuoana. Nitalia mpaka saa ya gari, nitapanda gari, kesho yake mtaniambia nikapepete ufuta, maana sikufiwa."



"Habari za kuchomwa kwake moyo," aliendelea, "zilinikuta sokoni napima ufuta. Mwanamke wa Nachingwea, wala simjui jina, akaniambia, shemeji yenu ametoka salama juzi. Juzi! Nilikuwa nimekaa siku mbili naomba Mungu juu ya jambo lililokwisha. Sikumlaumu Rabia. Rabia alipiga simu kwa ndugu, na mimi si ndugu. Mimi si mtu wa kuambiwa. Mnaniambia ningoje nione kama amepona ndipo niolewe. Akipona ana haja gani na mimi? Akipona hata Teodosia atamtaka."



"Mimi sitaki," alisema Saburi.

Mwamina alimgeukia.

"Sitaki uolewe nami kwa huruma," alisema Saburi. "Umeshachoka. Nakuona. Macho yako yamezama. Miaka mitatu nimekula ujana wako kama mchwa, na hata mara moja hukuniambia umechoka. Ungeniambia ningejua una ukweli na mimi. Sasa nitaishije na mtu ambaye sijui lini atachoka?"

"Nimechoka."

"Unaona…"

"Nimechoka, Saburi. Nimechoka na shingo yako. Nimechoka na Nachingwea, na gari la Nachingwea, na harufu ya gari la Nachingwea. Nimechoka kuomba dua moja kila siku, nadhani hata Mungu ameichoka. Nimechoka mwaka jana, nimechoka juzi, na leo asubuhi nimeamka nimechoka, nikabeba maji nikaja hapa. Mchovu gani mwingine unamsubiri? Ndiye huyu. Amekaa mbele yako."

Saburi alimtazama. Machozi yalimtoka bila sauti, naye hakuyafuta, labda kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshikwa.

Ndipo Bi Hadija akafanya jambo ambalo Likunja yote ingelizungumza, kama ingelikuwepo. Aligeuka. Aligeuka mzima mzima juu ya mkeka, akamtazama mchumba wa mwanawe usoni.

"Saburi," alisema.

Saburi aliinamisha uso haraka kwa haya.

"Inua uso, mwanangu. Shamba ni langu na haya ni yangu, nimeiweka pembeni kidogo, nitaichukua baadaye. Unamtaka mtoto wangu?"

"Namtaka, mama."

"Akikukalia eda, utakuwa umemwonea?"

Saburi alifikiri. Alifikiri kweli, wala hakuharakisha. "Nikimwacha alie nyuma ya nyumba ya watu, nitakuwa nimemwonea zaidi."

"Basi." Bi Hadija alimgeukia kaka yake. "Isihaka, mimi nimezika mume. Kuzika kunauma. Lakini nilizika wangu. Umesikia?"

Mjomba Isihaka aliitazama ngwe ile ambayo nusu yake ilikuwa bado majani. Alikuwa mtu mzito wa kubadilisha neno, na neno alilisema mbele ya watu. Mwamina hakumwomba wala hakumsukuma. Aliona tu kwamba mjomba wake naye amezeeka, na kwamba kumlinda mtu nako ni kazi ngumu ya jembe.

"Ijumaa hii mbuzi nitampata wapi?" alisema Mjomba hatimaye, kwa hasira. "Nilijua hatamaliza, sikutafuta mbuzi."

Bi Hadija alicheka, akaziba mdomo kwa khanga.

"Tutakula kuku," alisema Mjomba. "Na wewe," akamwelekeza Saburi kidole, "hicho kidonda kinatunzwaje? Unakula nini? Kitu gani kikitokea tukimbie? Mimi usije ukaniangukia hapa nikakumiminia maji kichwani kama kuku."

Saburi alijifuta uso. "Mjomba, la kwanza ni kwamba…"

"Usiniambie mimi. Mwambie mkeo."

"Bado sijamuoa…"

"Mwambie mkeo!" Mjomba aliinuka, akachukua panga lake, akaelekea kwenye mikorosho akinung'unika juu ya kuku.

Bi Hadija aliwageuzia mgongo tena, akaanza kupakua kisamvu, masikio yamesimama.

Saburi alimtazama Mwamina. Mshipa wa shingoni bado ulikuwa unaruka, ingawa si kwa hasira ya mwanzo.

"Homa," alisema. "Wiki hizi nikipata homa, hata ndogo, usiseme ni malaria. Usinipe vidonge vya dukani. Hospitali."

"Homa, hospitali."

"Nikishindwa kumeza, au kumeza kukiniuma kifuani, hivyohivyo. Usingoje asubuhi. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, nikisema maneno hayaeleweki, usinipe nafasi ya kupumzika. Damu imeganda imepanda kichwani. Usimngoje Mjomba, usimngoje Rabia."

"Simngoji mtu."

"Pale kinenani pakivimba ghafla au pakitoa damu, bonyeza kwa nguvu, uite watu. Dawa ya kuzuia damu isigande nameza kila jioni, siruki, hata nikijiona mzima kama wewe. Mboga za majani nile kiasi kilekile siku zote, nisizidishe ghafla, nisiache ghafla. Zinagombana na dawa."

"Kisamvu changu kimekosa nini?" alisema Bi Hadija akiziuliza mbaazi.

"Hakijakosa, mama," alisema Mwamina. "Ni kiasi tu." Akamrudia Saburi. "Na moyo ukianza mbio kama leo?"

"Tunakaa. Tunapumua. Ukitulia tunashukuru. Usipotulia, au nikaona giza, au kifua kikibana, tunaondoka."

"Na ikibidi wakuchome mara ya pili?"

"Naogopa, Mwamina."

"Najua. Sijakuambia usiogope. Nimeuliza."

"Tutakwenda."

Mwamina aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesogea karibu, magoti yao yanakaribia kugusana, akisikiliza kama mtu anayekabidhiwa nyumba, chumba kwa chumba.

"Rudia ya homa," alisema. "Nataka niisikie tena."

Saburi akairudia.